Muulize Fundi wa Boila: Kibanda chenye dohani nyuma ya nyumba

Baridi ya Lushoto imeleta barua nyingi mwezi huu, na moja imetoka mbali zaidi ya Lushoto ingawa imeandikwa hapa hapa mjini Tanga. Kwa wasiosoma safu hii kila mara: miye nilishika zamu ya boila kiwanda cha chai huko Usambara ya mashariki, kisha nikahamia chumba cha kufulia cha hospitali moja. Sasa nimestaafu, nipo Ngamiani. Barua ndefu nimezifupisha.

Shikamoo fundi. Mwanangu amenunua nyumba kijijini huko Wisconsin, Marekani. Nyumba haipashwi joto kwa umeme wala gesi. Nje, nyuma ya nyumba, kuna kibanda cha bati chenye dohani, na anasema humo ndimo kuni zinamowaka na nyumba nzima inapata joto. Ameniita nikakae nao Desemba. Mimi nina pumu, na jirani yake ameshamlalamikia kuhusu moshi. Kitu hicho ni salama? Na kwa nini kitoe moshi namna hiyo wakati kuni anazo tele? — Mama wa Chumbageni, Tanga

Marahaba, bibie. Kibanda hicho ni boila. Ukivua lile bati la nje utakuta tanuri la chuma lililozungukwa na maji, lita mia kadhaa, mengine yanapita hata 1,000. Kuni zikiwaka, maji yanapanda hadi nyuzi 80 hivi. Pampu ndogo inayasukuma kwenye bomba lililofukiwa ardhini na kuvikwa vizuri lisipoteze joto, mpaka ndani ya nyumba. Huko yanapita kwenye rejeta, ndugu ya ile ya gari, feni inapuliza, vyumba vinapata joto. Maji yaliyopoa yanarudi tanurini kwa bomba la pili. Bomba hilo hilo likipitishwa kwenye tangi la maji ya kuoga, na bafu nalo limepona.

Uzuri wake ni kwamba moto unabaki nje. Jivu haliingii sebuleni, cheche hazirukii zulia, na kaboni monoksidi, ile hewa isiyo na harufu ambayo huku kwetu inaua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, haina njia ya kukufikia kitandani madhali kibanda kiko mbali na madirisha. Kwa hilo mwanao hana neno.

Moshi ni habari nyingine, na hapo jirani ana haki yake.

Boila la namna hiyo lina kipima joto chenye amri. Maji yakifika kiwango kilichowekwa, kinaziba mlango wa hewa. Sasa moto wa kuni si taa, huwezi kuuzima na kuuwasha kwa swichi. Tanuri limejaa magogo, hewa imekatwa, kwa hiyo kuni zinafukuta. Kuni inayofukuta haina mwali. Inachemka yenyewe kwa yenyewe na kutoa moshi mzito unaowasha macho, na moshi ule ni kuni ambayo ilitakiwa iungue ikupe joto. Sehemu yake inatoka dohani na kumfuata jirani. Sehemu nyingine inaganda kwenye kuta za ndani za tanuri kama lami nyeusi inayong'aa, na chini ya lami hiyo chuma kinaliwa taratibu. Maji yakipoa kidogo, mlango wa hewa unafunguka, moto unaruka juu, maji yanapata joto upesi, mlango unafungwa tena. Basi usiku kucha ni hivyo: dakika chache unawaka, saa nzima unafukuta.

Kwa hiyo nikisikia mtu ana kuni tele na moshi tele, sishangai hata kidogo. Wingi wa kuni ndio unaoleta moshi. Watu hununua boila kubwa kupita nyumba, kisha wanalijaza hadi mlangoni ili wasiamke usiku. Kule kiwandani mnyapara wetu alikuwa mkali juu ya jambo hili, akikuta tanuri limeshindiliwa anakutoa kwenye zamu. Alitaka moto wenye mwali mweupe, kuni chache, mara kwa mara. Tukimwona kero, lakini dohani yetu mchana ilikuwa haionyeshi kitu ila hewa inayocheza juu yake.

Tatizo la pili ni ubichi. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia tanurini, moto unaanza kwa kazi ya kuchemsha maji hayo, joto linapungua, moshi unaongezeka. Kuni nzuri ina maji chini ya asilimia 20. Mwambie azipasue, azipange juu ya magogo zisiguse ardhi, azifunike juu tu, pembeni apaache wazi upepo upite. Kule kwao zinahitaji angalau kiangazi kizima, na mti mgumu kama mwaloni huenda ukataka miaka miwili. Asipokuwa na kipimo, achukue kipande kimoja, akipime kwenye mizani, akirudishe kwenye rundo, akipime tena wiki ijayo. Kikiacha kupungua uzito, kimekauka. Na vipande viwili vikavu ukivigonganisha vinalia ngo!, vibichi vinatoa sauti ya kiatu kilicholowa.

La tatu ni dohani fupi. Boila hizi huuzwa na kadohani kadogo, na asubuhi ya baridi hewa ya chini imetulia tuli, basi moshi unatambaa ardhini badala ya kupanda. Dohani ikizidi paa la jirani, ugomvi unapungua, japo haitibu moto mbaya.

Wamarekani wenyewe wameliona hili. Idara yao ya mazingira, EPA, ilitoa kanuni mwaka 2015 za kubana moshi wa boila mpya, na kuanzia Mei 2020 kiwango kikabanwa zaidi. Boila za kizazi hiki zina chumba cha pili ambamo moshi wenyewe unachomwa kabla haujatoka, lakini hazitaki mchezo: ukizipa kuni mbichi zinagoma. Kanuni hizo zinashika boila mpya. La zamani lililokuwapo kabla halikuguswa na kanuni hiyo ya taifa, ila jimbo au kijiji kinaweza kuwa na sheria yake, kwa hiyo mwanao aulize ofisi ya kijiji chake kabla jirani hajatangulia.

Sasa wewe na pumu yako. Moshi wa kuni una chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na mwenye pumu ndiye wa kwanza kuzilipia. Nenda, lakini kwanza kamwone daktari wako, ubebe dawa yako ya kuvuta ya kutosha safari nzima, na mwanao akupe chumba upande usioelekea kibanda. Usiende kuota moto pale nje ati kwa sababu umezoea kukaa jikoni. Na akubali mbele yako kwamba kipindi chote utakachokuwapo atawasha moto mdogo mkali, atie kuni mara nyingi zaidi. Kijana wa kiume hafi kwa kuamka usiku mara moja kwa ajili ya mama yake.

Yeye mwenyewe mpelekee haya matatu.

Mlango wa tanuri haufunguliwi kwa pupa. Ndani ya tanuri lililofukuta kuna moshi unaosubiri hewa tu uwake. Ukiuvuta mlango wazi kwa mara moja, hewa inaingia, ulimi wa moto unatoka hadi usoni. Mwenzangu wa zamu alibaki bila nyusi wala kope kwa miezi. Afungue kwanza njia ya hewa, asubiri dakika kadhaa moto ushike mwali, kisha aachie mlango upenyo wa vidole viwili, asimame upande wa bawaba, ahesabu mpaka kumi, ndipo afungue wote.

Pampu inakula umeme kidogo, lakini haina mbadala. Umeme ukikatika, maji hayatembei: tanurini yanachemka, na kwenye mabomba, kwa baridi ya Wisconsin inayoshuka nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, yanaganda na kupasua bomba. Awe na jenereta ndogo au betri, na amuulize fundi wa huko juu ya dawa ya kuzuia maji kuganda.

Tatu, maji yenyewe yana dawa yake ya kuzuia kutu, na yapimwe kila mwaka. Boila nyingi hufa kwa kutoboka kabla ya kuchakaa. Tena maji yanayorudi kutoka nyumbani yasiwe baridi chini ya nyuzi 60, la sivyo moshi unalowesha kuta za tanuri kwa jasho lenye asidi, na hapo chuma hakina maisha.

Fundi, nina nyumba ya wageni ya vyumba 8 juu kidogo ya Lushoto mjini. Hita za umeme zinanimaliza. Nataka boila la kuni nje lipashe maji ya kuoga, na Juni na Julai vyumba vipate joto pia. Miwati na mikaratusi ninayo shambani. Unaonaje? — Mwenye Nyumba, Lushoto

Bwana, kwa maji ya kuoga nakuunga mkono. Kwa vyumba, hapana, na nitakwambia kwa nini.

Tuseme umejaa, wageni 16, kila mmoja anaoga lita 40 za uvuguvugu wa nyuzi 40. Ni lita 640. Maji yako ya bomba Julai yana nyuzi 15 hivi. Kuyapandisha nyuzi 25 unahitaji takriban megajuli 67. Kilo moja ya kuni kavu inakupa kama 14, na boila la kawaida lililotengenezwa vizuri litakamata nusu yake. Basi ni kilo 10 za kuni kavu, weka 15 kwa ajili ya joto linalopotea njiani. Huo ni mzigo ambao mtoto wa shule anaubeba kichwani. Kuni mbichi zitakudai zaidi ya maradufu, na dohani itakuchafulia mashuka ya wageni kwenye kamba.

Tangi halihitaji kuwa kubwa. Lita 300 zikifika nyuzi 80, ukizichanganya na ya baridi, zinakupa zaidi ya lita 700 za kuoga. Livike sufi ya glasi unene wa kiganja, juu yake bati, na utaoga asubuhi kwa moto wa jana jioni. Hii ndiyo siri ambayo nataka uishike kuliko zote: washa moto mmoja mkali, uache uishe wenyewe, joto likae kwenye maji. Usifuge moto unaofukuta mchana kutwa ukingoja mgeni wa saa nne.

Jambo moja ambalo fundi wa Tanga mjini anaweza kulisahau akipanda huko kwenu: Lushoto ipo kama mita 1,400 juu ya bahari, na maji yanachemka kwa nyuzi 95 hivi, si 100. Akikutegea kipima joto kwenye 92 kwa mazoea ya pwani, utasikia boila linanguruma na mvuke unatoka. Asizidishe 80. Na kwenye kila bafu weka valvu ya kuchanganya. Maji ya nyuzi 60 yanababua ngozi kwa sekunde chache tu, na mgeni mtoto hajui bomba lipi ni lipi.

Vyumba sasa. Ile boila ya Wisconsin inapasha nyumba ambayo kuta zake zimejazwa sufi, madirisha yana vioo viwili, mlango ukifungwa haupitishi hata mlio. Nyumba zetu za Lushoto tunazijua. Bati juu, dari ya ubao ulioachana, dirisha la nondo ambalo halijawahi kufunga sawasawa. Ukitia rejeta humo unapasha joto Milima ya Magamba. Pesa ya mabomba na rejeta za vyumba 8 itumie kwanza kufunga dari na kuziba nyufa, weka mapazia mazito, blanketi la pili kwa kila kitanda. Sebuleni jenga meko moja ya ukutani yenye dohani, kama zile za nyumba za zamani walizoacha Wajerumani walipouita mji huo Wilhelmstal. Wageni wanapenda kuuona moto, rejeta hakuna anayeipiga picha.

Miwati inawaka vizuri sana, kuliko mkaratusi kwa maoni yangu, na inapasuka kirahisi ikiwa bado mbichi. Ipasue hapo hapo ilipoangushwa. Na kwa kuwa ni miti yako, usidhani huhitaji karatasi: kukata na kusafirisha kuna vibali vyake, pita ofisi ya misitu ya wilaya uulize kabla gari halijapakiwa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Muheza. Mteja anataka boila la maji ya moto. Nina tangi la upepo la lori na mtungi wa gesi mtupu. Nikiviunganisha, nikaweka bomba la kuingiza na la kutoa, si itatosha? — Kijana wa Muheza

Mwanangu, haitoshi, na nakuomba usimtengenezee mtu kitu hicho.

Maji yakigeuka mvuke yanadai nafasi mara 1,600 na zaidi ya ile yaliyokuwa nayo. Kwenye chombo kilichofungwa, nafasi hiyo yanaitafuta kwa nguvu, na mshono wako wa kuchomelea ndio utakaoulizwa kwanza. Mtungi wa gesi una hatari nyingine kabla hujafika huko, maana mabaki ya gesi yanakusubiri cheche ya kwanza ya kukatia.

Boila la nyumbani la maji liwe wazi kwa hewa. Juu kabisa toa bomba la kupumulia, lisipungue inchi moja, liende juu kupita tangi la maji baridi, na lisiwe na valvu hata moja njiani. Nimewahi kuona mtu ameliziba kwa kizibo cha mbao kwa sababu “linapoteza mvuke”. Nilikizibua kwa fimbo ndefu nikiwa nimejificha nyuma ya ukuta, na sikuona aibu. Tumia bamba jipya la chuma la milimita 6 upande wa moto. Weka kioo cha kuonyesha maji mahali ambapo mwenye nyumba atakiona bila kuinama.

Na mfundishe hivi: kioo kikionyesha hakuna maji na tanuri linawaka, asiongeze maji. Narudia, asiongeze. Chuma kikiwa chekundu, maji ya baridi yanageuka mvuke papo hapo na boila linararuka. Avute moto nje, au aumwagie mchanga, afunge hewa, aondoke, arudi chuma kikishapoa.

Ukitaka kuingia kwenye boila za mvuke zenye shinikizo, hiyo ni kazi halali na yenye pesa, lakini ina masharti. Boila za mvuke za viwandani hukaguliwa na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Nenda ofisini kwao ujue wanataka nini kabla ya kuwasha mashine.

Fundi, nina hoteli ndogo ufukweni Bagamoyo. Wavuvi wananiambia mkoko una joto kuliko kuni zote. Na magogo yanayoletwa na bahari ni ya bure. Boila langu la kuni nilishe nini? — Mama Hoteli, Bagamoyo

Wavuvi hawakudanganyi. Mkoko ni mti mzito, unawaka moto mkali. Lakini misitu ya mikoko ni hifadhi, huwezi kuikata bila kibali, na ukikutwa na shehena hutamaliza kueleza. Tena ndiyo mazalia ya kamba unaowauzia wageni wako kwa bei ile.

Magogo ya ufukweni yamelowa chumvi. Chumvi ikiungua inatoa moshi wa sumu na unaotafuna chuma, misimu michache tu tanuri lako linageuka chujio. Waachie watoto wakalie.

Maganda ya korosho nayo usiyaguse, najua ndilo swali linalofuata. Yana mafuta makali, moshi wake unachoma macho na kifua, na utomvu wake unaziba dohani. Matawi makavu yanayopunguzwa mikorosho ni sawa, mvinje ni sawa, mwembe uliokauka vizuri ni sawa.

Ila dada yangu, Bagamoyo! Maji ya tangi lako juani saa nane mchana mtu hawezi kuoga bila kuyapoza. Weka hita ya jua juu ya paa, boila liwe akiba ya siku za masika. Kuni utakazohitaji mwaka mzima zitaingia kwenye bajaji.

Jivu la boila nilimwage wapi? Mke wangu anataka kulitia kwenye viazi. — Mkulima wa Mlalo

Lipe migomba na mboga za majani, kiasi, lisirundikwe. Viazi mviringo usivipe, jivu linapunguza uchachu wa udongo na viazi vinaota ukurutu. Kama una chai usiisogeze kabisa, chai inapenda udongo wenye uchachu. Likiwa limetokana na mbao za rangi, plaiwudi au nguzo zilizotiwa dawa, lisiingie shambani hata chembe, na mbao hizo zenyewe hazikustahili kuingia tanurini.

Kabla ya hapo litie kwenye debe la chuma lenye mfuniko, liweke nje juu ya saruji, lilale siku tatu nne. Kaa linaweza kuishi ndani ya jivu kuliko unavyodhani, na kapu la plastiki mmeshaliunguza, umesema mwenyewe kwenye barua.